Landrova ya Baba na Spoila ya Tunduma

Sijui nani aliwaambia vijana wa gereji za Tunduma kwamba Landrova inahitaji spoila. Mdogo wangu wa kiume aliamini, na gari lenyewe lilikuwa la marehemu baba.

Mama alikuwa kwangu Mlowo akitibiwa magoti. Alipopata nafuu akataka kurudi kwake Ibaba, kule milimani Ileje, tena kwa gari la mumewe, si kwa basi wala gari la kuazima. Shida ilikuwa moja tu: mlango uko juu na mguu wa mama haufiki. Mdogo wangu akadakia, “Dada, niachie mimi. Nalipeleka Tunduma, mtalipenda wenyewe.”

Lilirudi limekaa chini kama kuku anayeatamia. Springi kazipunguza, rimu zinang'aa, vioo vyeusi, bomba la moshi linabweka, na nyuma, jamani, spoila, lile bawa la magari ya mashindano. Ya nini? Gari ambalo tangu tulijue halijawahi kulipita hata lori la kahawa. Nikamwambia amemvalisha babu kaptula ya disko. Akacheka, akaniita mshamba. Mama alipanda kwa urahisi, hilo sikatai, tukaondoka.

Kwenye milima ya Ileje mvua ilikuwa imenyesha. Matairi yakaingia kwenye mifereji iliyochimbwa na malori, tumbo likalala juu ya tope, tukaishia hapo. Baba alipita pale miaka yote bila hata kushuka. Wakulima waliotusukuma wakaichungulia ile spoila, wakauliza kama ni ya kuanikia mahindi. Tukageuza, na mama akalia mpaka Mlowo kwamba atafia ugenini.

Gari nikalichukua mwenyewe. Fundi wa pale Mlowo akarudisha springi, akang'oa takataka zote, kisha akachomelea kitu kimoja: kikanyagio cha chuma chini ya mlango wa mama. Akakipaka kijani kilekile cha gari, ungedhani limetoka nacho kiwandani. Lilikuwa linahitaji hicho tu.

Siku ya safari mama alikanyaga, akapanda, akakaa pale alipokaa miaka yote pembeni ya baba. Mdogo wangu akataka kujibana naye mbele. Mama akamtazama toka juu mpaka chini.

“Wewe kaa nyuma,” akamwambia. “Na hiyo spoila yako ilete, nikaanikie mahindi nyumbani kwangu.”