Mstari wa Nne wa Wasifu wa Sajini

Binti mkubwa wa Sajini hakumwamini yule mzee tangu alipovuka kizingiti. Alikuja peke yake, akachagua kiti cha karibu na dirisha, akakataa chai na hata maji. Mtu anayekuja msibani asitake hata maji, huyo ana lake jambo. Ndivyo alivyofundishwa na marehemu baba yake, na baba yake hakuwa mtu wa kufundisha ovyo.

Sajini alirudi kutoka jeshini akichechemea, akapewa kazi ya kulinda lango la kiwanda cha sabuni. Alilinda miaka ishirini na miwili, na hakuna kipande kilichotoka bila yeye kujua. Hata nyumbani alikaa akiutazama mlango. Mgeni akibisha hodi, alimpima kwanza viatu, halafu uso, ndipo akamkaribisha. Mkewe alikuwa akimtania, "Wewe hata malaika akija kukuchukua utamdai kitambulisho."

"Na akikosa, atarudi alikotoka," Sajini alikuwa akijibu.

Kwa wanawe, lakini, alikuwa laini kama pamba.

Alasiri hiyo mdogo wa binti huyo, fundi cherehani, alikuwa akiusoma wasifu kwa sauti pale sebuleni, wasikie kama umekaa sawa, maana kesho yake saa nne ungesomwa makaburini mbele ya watu wote. Alipofika mstari wa nne, pale Sajini anapombeba mgongoni mwenzake aliyejeruhiwa, siku moja na nusu, yule mzee akakohoa.

"Hapo mmegeuza."

"Tumegeuza nini, mzee wangu?" binti akauliza, kwa ile adabu ya kumfungulia mtu mlango atoke.

"Yeye ndiye aliyebebwa. Aliyembeba ni mimi."

Fundi cherehani akacheka kwa hasira. "Makubwa haya! Kesho atakuja mwingine aseme ndiye aliyemzaa."

Binti hakucheka. Akaanza kumhoji mgeni kama mtu wa langoni. Mlikuwa kambi gani? Akajibu. Mkubwa wenu nani? "Tulimwita Msumari," akasema, na Sajini alimwita hivyo hivyo. Hayo yote hayakumtuliza binti, yakamzidishia mashaka tu. Mtu aliyejiandaa namna hii katumwa na nani? Miaka hamsini mtaa mzima ulimnyooshea baba yake kidole kwa heshima, huyo ndiye aliyembeba mwenzake, na wao watoto wakapita kifua mbele. Sasa aje mtu na koti lake lililopauka amfanye marehemu kichekesho kabla hajazikwa?

"Kwa hiyo baba yetu alikuwa mwongo?"

"Sijasema hivyo, mwanangu. Yeye mwenyewe aliwaambia kwamba alinibeba?"

Binti akayatafuta maneno ya baba kichwani mwake. Kichwa chake hakijawahi kupoteza kitu. Baba alikuwa akisema, "Tulitembea siku moja na nusu, mmoja mgongoni mwa mwenzake," basi, anaishia hapo. Nani alikuwa mgongoni, watoto walijichagulia wenyewe. Naye aliwaacha.

"Nipe kitu kimoja ambacho hukukisikia kwa jirani," akasema.

Mzee akagusa sikio lake la kushoto. "Nilikuwa nasinzia huku natembea. Yeye huko juu anahesabu hatua. Kila zikifika mia ananifinya hapa, tena kwa kucha! Nilimtukana matusi yote ninayoyajua, nikaanza na mengine ya kubuni."

Fundi cherehani akashusha karatasi. Jirani yupi angejua hilo? Walipokuwa wadogo, baba akiwabeba mabegani, aliyekuwa juu ndiye aliyepewa kazi ya kuhesabu hatua, na zikifika mia amfinye baba sikio. Aliyekuwa juu! Anayebeba hana hata pumzi ya kuhesabia. Mchezo ule baba alijifunza akiwa mgongoni mwa mtu.

"Usithubutu, dada," mdogo wake akanong'ona. "Watu wanamjua hivi."

"Wanamjua vibaya." Kisha akamgeukia mgeni, jicho bado kali. "Na wewe unataka nini? Usiniambie hutaki kitu."

"Nataka," mzee akasema. "Mimi sina mke wala mtoto. Nikifa, wa kuniandikia wasifu hayupo. Nataka niusikie mstari huo ukisomwa mara moja, nikiwa hai."

Kesho yake saa nne, binti alisimama kando ya kaburi, shingo juu. "Alijeruhiwa mguu," akasoma, "na mwenzake akambeba mgongoni siku moja na nusu. Naye marehemu alihesabu hatua zote, mwenzake asilale njiani."

Minong'ono ikapita kwenye umati. Mdogo wake akatazama viatu vyake. Binti akawakazia macho walionong'ona, mmoja baada ya mwingine, mpaka wakanyamaza. Nyuma kabisa yule mzee alikuwa amevua kofia. Binti akaurudia mstari ule tokea mwanzo, polepole zaidi.