Sura Yangu Kwenye Ukuta wa Duka

Mama mkwe alipovua miwani ya jua sebuleni kwangu, nilipiga kelele mpaka mtoto akashtuka mgongoni. Chini ya macho yote mawili ngozi ilikuwa imebanduka, nyekundu, kama mtu aliyemwagiwa uji wa moto.

"Mama! Nani kakufanyia hivi?"

"Dawa yako hiyo."

"Dawa gani tena?"

"Usinifiche, mwanangu. Picha yako nimeiona dukani kwa macho yangu haya. Umetumia, umependeza, umenyamaza kimya. Nikasema na mimi bibi wa watu nijaribu."

Kwa wiki kadhaa wanawake walikuwa wakinikodolea macho Kariakoo. Mmoja alinisimamisha kabisa mtaani Mchafukoge akaniuliza mbona nimeacha dozi. Nilimchukulia kichaa, nikapita. Nilivumilia, nilipuuza. Siku hiyo nikaelewa, na uvumilivu ukaishia hapo hapo.

Ni hivi. Nilipojifungua, macho yangu yaliota mifuko. Mtoto halali, mimi silali, na mama mkwe, ambaye ana duka la mataulo la jumla Kariakoo na ulimi wake ni ule ule alioshuka nao kutoka Kilimanjaro, akawa ananiita bundi. Nikaingia duka moja la vipodozi, uchochoro wa pili kutoka kwake, kuuliza tu. Dada wa pale akanionyesha krimu za kukaza ngozi, maji ya kupaka, vibandiko vya kulaza chini ya macho, hadi sindano. Sikujua nichague nini. Akasema, "Ngoja nikupige picha, tuone ngozi yako inataka nini." Nikasimama kama mjinga, nikapigwa. Mtoto akaanza kulia, nikaondoka bila kununua hata pamba.

Basi siku ile ya miwani tulianzia hospitali. Daktari akauliza hiyo krimu ina nini ndani. Mama mkwe akatoa kikopo kwenye pochi. Hakina jina, hakina maelezo, kimebandikwa karatasi yenye picha ya nyota tu. Daktari akasema ingeingia ndani ya jicho, tungekuwa tunaongea mengine. Mama mkwe, mwanamke anayefokea makuli mchana kutwa, alinishika mkono kama mtoto.

Nikaenda lile duka la vipodozi peke yangu. Nilipofika mlangoni nikainua macho. Ukutani nipo mimi, mkubwa kuliko mlango. KABLA: mimi na mifuko yangu. BAADA: mimi yule yule, nguo ile ile, hata ukingo wa kanga ya mtoto ule ule, ila uso umelainishwa kwa simu ukawa kama sahani.

Mteja mmoja alitazama picha, akanitazama mimi. "Shoga, mbona mifuko bado unayo?"

"Kwa sababu krimu yenyewe sijawahi kuipaka!"

Mwenye duka akacheka, macho makavu. "Dada, punguza jazba. Umependeza bure, wenzako wanalipia."

"Mama mkwe wangu ameungua."

"Atakuwa amelala nayo. Si dawa ya wazee wabishi hiyo."

"Ina nini ndani?"

"Siri ya biashara."

"Toa picha yangu."

Thubutu. Alimgeukia yule mteja akaendelea kumfungia kikopo, mbele yangu, chini ya sura yangu. Nikamwambia yule mteja asipake. Akanijibu, "Roho mbaya tu," akaondoka nacho.

Na kama anampelekea mama yake? Hilo ndilo lililonipeleka ofisi ya serikali inayosimamia vipodozi. Nilimwomba mama mkwe twende wote. Akakataa katakata. Kanisani alishasema ameunguzwa na mafuta ya kukaangia. "Wakijua nilikuwa natafuta ujana, nitauweka wapi uso? Chukua kikopo. Mimi usinitaje."

Ofisa akaniuliza, "Wewe umeathirikaje, kama hujatumia?"

Nilichukua kalamu, nikaandika hivi, na akagonga muhuri:

"Mimi ndiye mwanamke aliyebandikwa kwenye ukuta wa duka hilo. Bidhaa hiyo sijawahi kuitumia. Picha nilipigwa kwa kudanganywa, ya pili imetengenezwa kwa simu, na ruhusa sikutoa. Mtu wa familia yangu ameungua chini ya macho kwa sababu aliiamini sura yangu. Nimekuja na kikopo chenyewe. Naomba kipimwe, picha itolewe leo, na duka lilazimishwe kuwatafuta wote walionunua liwaambie waache kupaka. Mmoja nilimwona akiondoka nacho. Alivaa baibui la kijani na alikuwa na haraka. Naomba muanze na huyo."