Nilikataa Kuandika "Wamekufa"

Naandika polepole, herufi moja kwa pumzi moja, ndiyo maana mabango yangu hayapindi. Shule niliishia darasa la saba. Mbele ya watu sauti hunikauka, lakini brashi haijawahi kuniangusha.

Mwanafunzi mmoja wa chuo, aliyepanga chumba Ipagala, alinifuata kibandani kwangu Nkuhungu na karatasi. Alitaka bango la maonyesho ya chuoni: MAWAKALA WA ZAMANI WAMEKUFA. WA SASA WANAFIKIRI.

Nikauliza kama ni mawakala wa kutoa pesa kwa simu. Alicheka mpaka akashika nguzo.

"Dogo, hizi ni programu! Za zamani zilikuwa nyingi, ndogondogo, kila moja na sheria yake, zinapeana taarifa. Hawa wapya ni akili bandia. Unawaambia kwa Kiswahili tu, wanapanga wenyewe."

Akafungua kompyuta yake. Shamba la mtama la kuchora, mawakala wapya wanne, kila mmoja na kona yake, kazi kufukuza ndege. Kundi likatua kona moja. Wote wanne wakakimbilia huko, kila mmoja akiandika ripoti tamu. Kona tatu zilizobaki zikaliwa na ndege wengine.

"Bado wanajifunza," akasema. Safari hii hakucheka.

Kijijini kwetu Busi nimeamia ndege, kuwafukuza wasile mtama, tangu sijajua kusoma. Unakaa juu ya dungu lako, jukwaa la miti shambani. Mtama umesongamana, jirani humwoni. Ndege wakivuka kwenda kwake unapiga kelele: "Kwako!" Hushuki. Anayeshuka kumsaidia mwenzake huchekwa msimu mzima. Hakuna kati yetu aliyewahi kuliona shamba lote, na tulivuna. Mama yangu mpaka leo yuko juu ya dungu.

Nikaweka brashi chini.

"Kaka, 'wamekufa' siandiki."

"Bango si langu?"

"Mkono ni wangu. Hao wako wana akili, sawa. Ila hawana 'Kwako' ya wale wa zamani."

Sauti haikunikauka.

Alinuna, kisha akawaandikia mawakala wake maneno mawili matatu: usiache kona yako, mpigie kelele jirani. Ndege wakatua. Mmoja akawafukuza, akaita. Wa pili akapokea. Wengine hawakutikisika.

"Bahati tu hiyo."

"Basi tafuta mwandishi mwingine."

Hakwenda. Maonyesho yalikuwa kesho yake. Niliandika polepole vilevile, naye amenisimamia: MAWAKALA WA SASA WANAFIKIRI. WA ZAMANI WALISHAKUBALIANA.

Chini, kwa rangi nyekundu ambayo hakuiagiza, nikaongeza: KWAKO!