Dakika Saba Masijala

Shelfu iliyoniangukia ilikuwa ya nne kutoka mlangoni. Nina uhakika ni ya nne kwa sababu asubuhi ile nilikuwa nimeshazihesabu mara mbili, kama ninavyozihesabu kila asubuhi tangu niajiriwe kutunza kumbukumbu. Watu hudhani karatasi ni nyepesi. Karatasi ya serikali iliyofungwa kamba, ikapigwa mihuri na kusahauliwa miaka, ina uzito wa ng'ombe aliyeshiba.

Nikiwa chini ya majalada, uso umefunikwa, mkono mmoja tu umetokeza, nikasikia sauti ya afisa utumishi wetu, kijana mwenye adabu sana.

"Mama! Uko hai?"

"Nipo."

"Ahsante Mungu. Tulia hapohapo, wanaleta jeki." Akashusha sauti. "Samahani mama yangu, kuna mwananchi ametoka Kolo tangu alfajiri, anatafuta jalada la shamba lake. Kwa kuwa uko huko huko..."

"Liko shelfu ya nne."

"Ya nne si ndiyo iliyokulalia?"

"Ndiyo. Mwambie asubiri, tutatoka pamoja."

Na kweli tulitoka pamoja. Nilikuwa nimelalia jalada lake. Yule mwananchi alinishukuru sana, akasema hajawahi kuhudumiwa haraka namna ile.

Wenzangu wanasema nilikaa chini ya majalada saa moja. Mimi nasema moja na nusu. Tulibishana mpaka tukapatana moja na robo, na hiyo ndiyo iliyoandikwa kwenye fomu.

Mwili haukuvunjika popote. Kilichovunjika sikukijua mpaka Jumatatu, nilipofika mlango wa masijala na miguu ikagoma. Niliiamuru, ikagoma. Nikaenda duka la dawa kununua ya kutuliza mapigo ya moyo, nikaona shelfu, nikarudi nyuma. Dawa niliinunua nikiwa barabarani, kwa kupiga kelele, na mtaa mzima ukajua ninaumwa nini. Nyumbani nilihamisha sahani kutoka kabatini nikazipanga sakafuni. Watoto wangu wakaanza kunisemesha polepole, kama mgeni asiyejua Kiswahili.

Hapa Dodoma kuna hospitali ambayo ukiitaja tu, mtu wa bodaboda hugeuka akuangalie machoni kwanza. Siku niliyokwenda, sikupatana nauli. Nilimkubalia aliyoitaja, ili aone nina akili zangu timamu. Kumbe hapo ndipo alipoamini kwamba naumwa kweli. Aliniendesha polepole njia nzima.

Mshauri niliyepangiwa alikuwa binti wa umri wa mwanangu wa pili. "Shikamoo mama," akasema, nikaitikia marahaba, na tayari sikujua nani anakuja kumsaidia nani. Ofisini kwake palikuwa na shelfu moja yenye vitabu vitatu. Nilivihesabu nikiwa nje. Akatoa viti viwili tukakaa kwenye baraza.

Baada ya wiki mbili aliandika barua: nipumzishwe mwezi mmoja niendelee na matibabu. Nikaipeleka kwa afisa utumishi. Akaisoma, akasikitika kwa dhati, kisha akasema, "Mama, ili ruhusa ipite, barua hii iwekwe kwenye jalada lako binafsi."

"Iweke."

"Halionekani."

"Basi iweke mezani."

"Mezani si mahali, mama. Wewe ndiye uliyetufundisha hivyo."

Ni kweli, niliwafundisha. Akanirudishia barua. Jalada langu lilikuwa masijala, na masijala tulikuwa wawili tu tunaoijua: mimi, na mzee mmoja Mgogo wa upande wa Makutupora aliyebakiza muda mfupi kustaafu. Mzee alikuwa ametafuta mara tatu, akajibu mara tatu kwamba halipo, huku anaangalia viatu vyake. Kwa hiyo, ili niruhusiwe kutoingia chumba kile, ilinibidi niingie chumba kile. Na ilikuwa lazima niingie kabla ya Ijumaa. Siku zangu za kukaa kwenye benchi la mlinzi getini, ambako nilisaini kila asubuhi na kubaki hapohapo, zilikuwa zinahesabiwa utoro. Ijumaa ikifika bila jalada, ajira yangu ingeanza kuandikiwa barua za aina nyingine.

Jambo moja lilinishangaza pale getini. Kila asubuhi nilikuta zabibu kwenye benchi, ndani ya bahasha ya kaki iliyokwishatumika. Za mzee. Huko kwao ndiko zinakolimwa, na miaka yote alikuwa akiniletea, lakini kwa mkono, na kwa maneno mengi. Sasa aliziacha na kupita haraka. Nilizihesabu: ishirini na nane. Nikazihesabu tena: ishirini na nane.

Jumatano nilimweleza mshauri habari ya jalada. Akafikiri, akasema, "Kesho utaingia dakika kumi."

"Moja."

"Kumi, mama."

"Moja, na mlango wazi."

Akaweka kalamu chini. Nikaona macho yake yamebadilika, yakawa ya mtu ninayemjua vizuri kutoka Soko la Majengo. "Unanivunjia bei mapema hivyo? Haya, tisa."

"Mbili. Na wewe usimame mlangoni."

"Nikisimama mlangoni haishuki sana. Mimi pia nina muda wangu. Nane."

"Binti, kwenu wapi?"

"Kondoa."

"Nilijua! Watu wa biashara!"

"Babu yangu aliuza vitambaa," akasema. "Mteja wa kwanza wa asubuhi hakuondoka mikono mitupu, hata kama babu alipata hasara. Akimwachia aende, siku imefungwa, hauzi tena. Unadhani kwa nini nakupanga saa mbili kamili kila siku? Siwezi kukuachia uende hivihivi. Sema bei ya mwisho."

"Tano."

"Saba, na mlango wazi, na mimi nasimama."

Nikainuka, nikafanya kama naondoka. Ni mbinu ya zamani. Hakuniita. Nilifika mwisho wa baraza, nikageuka mwenyewe. "Haya, saba."

Alhamisi mshauri aliomba ruhusa kazini kwake, akaja masijala. Shelfu zilikuwa zimefungwa ukutani kwa boliti, nne kila moja. Harufu ilikuwa ileile, vumbi na gundi ya zamani. Mzee alikuwa kwenye meza yake. Nikaona ameivuta karibu kabisa na mlango, na kiti amekigeuza kutazama nje, kama mtu anayengoja basi la Babati.

Nikapita shelfu ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Kwenye ya nne nikasimama. Nikashika chuma, nikazihesabu boliti mara mbili, nikatafuta mahali pa jalada langu. Palikuwa na pengo. Nikatafuta juu yake na chini yake.

"Usihangaike hapo," mzee akasema, bila kugeuka. "Angalia nyuma ya mlango."

Nyuma ya mlango kuna shelfu fupi. Nilikuwa nimeipita nikiingia.

"Mzee, hapa ni pa majalada yaliyofungwa. Ni waliostaafu na waliokufa. Mimi sijastaafu."

Akaendelea kutazama nje.

Lilikuwepo, limefungwa kamba mafundo mawili, kama nilivyomfundisha kila kijana aliyepita pale. Dokezo la mwisho lilikuwa kwa mwandiko wake: *Mtumishi amefariki akiwa kazini. Jalada lifungwe.* Sahihi, muhuri. Wino umeloa katikati.

"Nilikimbia," akasema mzee. "Shelfu ilipolia, nilikimbia nje nikakuacha. Watu wa korido wakawa wanapiga kelele, amekufa, amekufa. Jalada lako na muhuri nilitoka navyo mkononi, nilikuwa naweka barua ya likizo yako. Mikono ikaandika yenyewe. Nilipokusikia unamjibu yule mtu wa Kolo, nilikuwa nimeshapiga muhuri."

"Si ungefuta?"

"Kwenye jalada hatufuti."

"Ungeongeza dokezo jingine chini yake."

"Niandike nini, mama? Kwamba marehemu anajibu maswali?"

Hapo nikacheka. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni, katikati ya chumba kile, naye akaanza kucheka huku machozi yanamshuka kwenye ndevu. Nikamuuliza ni lini mara ya mwisho alipita shelfu ya pili. Akasema hajapita tangu siku ile. Mwananchi akija, anamwelekeza kwa kidole, achukue mwenyewe.

"Chukua kalamu," nikamwambia. "Andika: *Mtumishi amepatikana akiwa hai.*"

"Amepatikana? Kwani ulipotea?"

"Basi *ameonekana*."

"Kama mzimu?"

Tukapatana: *Mtumishi yupo. Jalada lifunguliwe.* Akasaini. Nikachukua barua ya mshauri, nikaiweka ndani, nikaipa namba yake.

"Mama," mshauri akaita kutoka mlangoni. "Dakika kumi na tisa."

"Tulipatana saba!"

"Nimekuita mara mbili."

Nimefanya biashara ndogondogo maisha yangu yote pembeni ya mshahara, na sijawahi kutoa zaidi ya nilichopatana. Siku ile nilitoa, na sikudai kurudishiwa.

Ruhusa ilipita Ijumaa kabla ya saa sita. Jumatatu, saa mbili kamili, nilikuwa hospitalini, lakini kwenye baraza nilikaa kiti cha pili. Cha kwanza nilimpa mzee. Alikuwa amevaa koti la sherehe, bahasha ya zabibu magotini.

Mshauri akamwamkia, akamsikiliza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Babu, kesho tutajaribu kupita shelfu ya pili. Dakika kumi."

"Sawa, mwanangu," akasema mzee, mnyonge, na kofia mkononi.

Sikuweza kuvumilia. Nikamvuta koti. "Mzee, wewe! Anza na moja."