Hodi kwenye Njia ya Pamba

Mama alinipigia simu Jumamosi asubuhi nikiwa kwangu Buswelu, hata sijanawa uso. Hakusubiri shikamoo yangu. "Wameziba njia," akasema, akakata. Mimi na hasira tunakaa nyumba moja, kila anayenijua anajua. Nilikuwa juu ya bodaboda kabla sijauliza ni njia ipi na nani kaiziba. Lakini moyoni nilishajua, maana mama ana njia moja tu duniani.

Njia yenyewe inaanzia juu, kwenye nyumba za zamani za wafanyakazi upande wa Pasiansi, inapenya katikati ya mawe makubwa na kuteremka hadi ufukweni, kilipokuwa kiwanda cha kuchambua pamba. Hakuna aliyeichonga kwa mashine. Ilichongwa na miguu ya watu waliokuwa wanawahi king'ora, mama akiwa mmoja wao, na mimi nikiwa mgongoni. Watu wa zamu ya usiku walirudi vichwa vyeupe kwa vumbi la pamba, utadhani wamezeekea kazini kwa usiku mmoja, na vichaka vya kando vilibaki na nyuzi nyeupe zilizonasa kutoka kwenye nguo zao. Kuna mahali mawe mawili yamebanana, hawapiti watu wawili kwa pamoja. Hapo sheria ilikuwa moja: anayetoka kazini anatangulia, anayekwenda anasubiri. "Poleni na kazi!" "Tumeshapoa, nanyi kazi njema!" Aliyejifanya haoni akajipenyeza kabla ya aliyechoka, alitaniwa wiki nzima. Sisi watoto tulikaa juu ya mawe hayo tukiokota umbea wa kiwanda kizima, nani anaposa na nani kagombana na msimamizi.

Kiwanda kilifungwa, lakini njia ikabaki. Wanafunzi waliirithi, pamoja na kina mama wanaorudi na ndoo za dagaa kutoka soko la samaki la Mwaloni. Na mama aliendelea kuiteremka kila siku, kwa sababu kule chini, nyumba ya mwisho kabla ya maji, anaishi mwenzake. Walisimama kwenye mashine moja tangu usichana wao. Yule ni Mhaya, mama ni Msukuma, na ugomvi wao wa ndizi na ugali hautaisha mpaka Yesu arudi. Siku hizi miguu ya yule mwenzake imevimba, kilima hakipandi tena. Barabara ya lami inazunguka mbali, na bodaboda mama hapandi. Ilimwangusha mara moja, akaapa. Kwa hiyo njia ikibaki imezibwa, wale wawili wataonana misibani tu. Hilo ndilo lililonichoma.

Nilikuta ukuta wa tofali, saruji bado mbichi, umezungushiwa kijumba kipya na njia yetu ndani yake, na geti jeusi upande wa juu. Nikamfuata mwenyekiti wa mtaa nyumbani kwake. Jamani, nilifoka! Akaniambia kwa upole kwamba kiwanja kimenunuliwa kihalali, mnunuzi aliambiwa ni kichaka tu, na kikao kitaitishwa. "Lini?" "Tutawatangazia." Nikamwambia asinifanye mtoto mdogo, tutafika mpaka wilayani, mpaka kieleweke. Nikatoka, nikaenda kumchukua mama tukaanze vita.

Nyumbani hakuwepo. Nilimkuta ndani ya lile geti jeusi, amekaa kwenye kiti cha plastiki, anakunywa chai. Pembeni yake amesimama bwana mmoja mwenye miwani, ameshika chupa ya chai, wasiwasi umemjaa utafikiri mgeni ni yeye.

"Mama! Unafanya nini humu?"

"Nimepiga hodi, nikakaribishwa."

"Si huyu ndiye aliyeziba njia?"

"Najua. Msalimie kwanza."

Nikamsalimia huku nimeuma meno. Mama akamaliza chai yake taratibu, akashukuru, akasema, "Sasa baba, mimi nilikuwa naelekea huko chini. Naona una mlango wa nyuma." Yule bwana akautazama mlango, akamtazama mama. Mtu unamfukuzaje mama mzee aliyepiga hodi na chai yako ameshainywa? Akamfungulia. Jioni mama akapiga hodi upande wa chini, akapitishwa kurudi.

Kesho yake tena, na keshokutwa yake, mpaka miezi ikapita. Mimi nadai kikao, yeye anapiga hodi. Wastaafu wenzake wakanusa habari, nao wakaanza: hodi, habari za nyumbani, mlango wa nyuma. Wakafuata wanafunzi, asubuhi kabla bwana hajaenda kazini na jioni akisharudi. Wakafuata wale wa dagaa, ua mzima ukanuka Mwaloni. Mikono mitupu hawakuja. Huyu alileta matobolwa ya viazi, yule samaki sato. Bwana yule ni Mhaya, kwao Bukoba, mke na watoto walikuwa bado huko, na neno hapana lilikuwa halimtoki. Nilimcheka mpaka nikaanza kumwonea huruma.

Jioni moja alichelewa kazini. Geti limefungwa, nje watu wamejaa na ndoo na mabegi ya shule. Mara tukamwona anapanda kilima mbio, viatu vya ofisini vyeupe kwa vumbi, funguo mkononi, anaita toka mbali: "Samahanini jamani, nimewachelewesha!"

Halafu mmoja akapasuka kicheko, tukaangua wote. Bwana mwenyewe akakaa chini getini, akicheka na kujifuta machozi. "Yaani naomba radhi kwa kuchelewa kurudi kwangu," akasema.

Wiki ileile mafundi wakaja, wakabomoa ukuta wa upande mmoja na kuurudisha ndani. Uchochoro walioacha unapitisha watu wawili na ndoo zao. Kikao changu hakijaitishwa mpaka leo.

Asubuhi ya kwanza ya njia kufunguliwa mama alivaa kitenge kipya, nami nikamsindikiza. Bwana alikuwa amesimama getini na chupa yake ya chai, kama kawaida. Mama akamwitikia shikamoo yake, akapita.

"Mama, leo hupigi hodi?" bwana akauliza.

"Ya nini tena, baba? Njia si hii hapa?"

"Kweli," akasema kwa sauti ndogo, akaanza kufunga geti. Iliniuma, mimi niliyetaka kumburuza wilayani. Mama alitembea kidogo, akasimama.

"Baba! Hiyo chai ni ya nani?"

"Ni yako, mama."

"Basi ibebe twende. Kuna Mhaya mwenzio huko chini ananisumbua kila siku nimpelekee huyo mwanaye wa geti."

Akaja mbio, chupa kwapani. Kwenye mteremko viatu vyake vilianza kuteleza, mama akamwambia avivue, naye akavivua bila ubishi. Miezi yote ile alikuwa amekaa juu ya njia yetu, na hiyo ndiyo siku ya kwanza aliyoiteremka.