Tonge la Mbeyu Hekaluni

Mbeyu binti Chirau wa Msambweni alikuwa mpishi ambaye akitia tui chunguni, majirani watatu walizima meko yao wakaja kwake kuomba chumvi. Mdomo nao alijaliwa. Alimsuta fisi aliyemjia zizini, fisi akainamisha kichwa, akarudi porini bila mbuzi. Usipoamini, kamuulize fisi.

Shoga yake alikuwa Kusuma, mke wa Piyasena, fundi wa mitambo katika shamba la miwa. Walitoka kisiwa cha Sailoni, na dini yao ya Kibudha. Kusuma alifika Msambweni hajui hata kupiga hodi. Mbeyu akamfundisha Kiswahili jikoni, wakikuna nazi. Kusuma naye akamwonyesha wali wa nazi wa kwao, unaoshindiliwa siniani ukakatwa vipande kama kashata.

"Huu si wali, dada, hili ni tofali!" Mbeyu alisema.

"Na wako watawanyika kama kuku waliotishwa."

Miaka kumi walibishana hivyo, na sufuria zote mbili zikaisha.

Mwaka uliofuata Uhuru, Piyasena alipata kazi Dar es Salaam. Siku ya kuagana, Kusuma alimshika Mbeyu mkono. "Nikitangulia kufa, dada, wapelekee watawa wa hekalu letu la Dar wali. Si wa kwetu. Wako wewe."

Mbeyu aliapa huku akicheka. Hakucheka barua ilipokuja, mwalimu wa madrasa akamsomea: Kusuma amefariki, na ikitimia miezi mitatu tangu afe, watawa watalishwa kwa ajili yake.

Wifi yake Mwanapili alimkuta akifunga nazi na mchele. "Wifi, waenda kulisha sanamu?"

"Naenda kutimiza neno langu. Sanamu haina tumbo, wifi. Mwenye tumbo ni wewe, ndiyo maana wasikitika wali ukienda mbali."

Basi lenyewe lilitambaa. Kuku waliopakiwa Lungalunga walitaga Tanga, na kufika Dar vifaranga walikuwa wamekwisha kuota manyoya.

Piyasena alimpokea amekonda, shati linamning'inia. Akamweleza mila za hekaluni: viatu nje, miguu ikunjwe, nyayo zisielekee sanamu. "Na zaidi ya yote, shemeji, ikipita saa sita mchana watawa hawali tena hadi alfajiri ya kesho. Tukichelewa, siku ya Kusuma imepita."

Mbeyu alianza kupika kabla ya jua, na saa tano na nusu walikuwa hekaluni. Watu waliovaa nguo nyeupe walikaa mikekani. Watawa watatu, nguo zao za manjano, walikaa kimya, na mbele ya sanamu ya Budha palikuwa na maua na kisahani kitupu. Picha ya Kusuma iliegemezwa ukutani. Mbeyu akavua viatu, akakunja miguu vizuri, akafunua sufuria.

Kisha akafanya afanyavyo kila mwanamke wa Msambweni anayewapelekea chakula watu wasiomjua. Alifinyanga tonge, akalitia mdomoni, akatafuna taratibu ili wote waone.

Bibi mmoja aliziba mdomo kwa kiganja. Piyasena alifumba macho. "Shemeji! Sadaka haionjwi! Sasa ni makombo!"

"Kiondolewe," mtu akasema nyuma.

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasorobo. Sufuria nyingine haikuwepo. Mbeyu aliyemsuta fisi akaitazama ile picha, machozi yakamlenga.

Mtawa mkuu alikuwa amekaa Dar miaka ishirini, Kiswahili chake cha Kariakoo. "Mama, mbona umekula?"

"Kwetu, mzee, aletaye chakula hula kwanza. Asipokula, mtajuaje kama hakutia sumu, au uchawi? Nimetangulia mimi, ili kama wali una baya, linipate mimi."

Mtawa aliitazama saa, akamtazama yeye. "Kile kisahani ni cha Budha, leo kitapata matunda. Wali wako hauwezi kuwekwa pale, mama, nisikudanganye." Akavuta bakuli lake mbele. "Lakini hili ni langu. Tia."

Mbeyu akatia. Watawa wengine wawili nao wakavuta yao. Walikula bila neno, macho chini, hata "mashallah" hakuna.

"Mbona hawasemi kitu?" Mbeyu alinong'ona. "Chumvi imezidi?"

"Chakula hawakisifu, shemeji. Ila yule wa mwisho ameongezewa mara mbili."

Dakika mbili kabla ya saa sita, mabakuli yalikuwa meupe. Pakaletwa birika la maji na kikombe juu ya sahani. Piyasena akaeleza kwamba humiminwa hadi kikombe kifurike, ili heri ya sadaka imfikie marehemu. Lakini mikono yake ilikataa kuliinua.

"Nishikie, shemeji."

Wakalishika pamoja. Watawa waliimba kwa lugha yao, na Mbeyu, midomo ikicheza chini ya leso, alisoma dua aliyofundishwa utotoni. Kikombe kilijaa, sahani ikajaa, mkeka ukalowa, naye bado anamimina. Hakuna aliyemzuia. Piyasena alikuwa analia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Birika likakauka.

"Wali umemfikia?" Mbeyu aliuliza.

"Umemfikia, shemeji."