Mtoto Niliyemkana Langoni

Kazi yangu ilikuwa kufua nepi. Nyumba yenyewe ilikuwa Ngagara, mtaa wa Bujumbura, Kartie ya Tano. Zamani ilikuwa ya mtumishi mmoja wa serikali aliyekimbia, na sasa Mama Consolée alilea humo watoto ambao wazazi wao hawakujulikana. Mwaka 2001 walikuwa kumi na tisa. Mimi nilikuja kila asubuhi kutoka Nyakabiga, nikimwacha binti yangu Khadidja, wa miezi minne, kwa mama mkwe. Mume wangu Shaabani alikuwa dereva wa lori. Lori lake lilichomwa moto njiani, huko juu milimani, nikiwa na mimba ya miezi sita. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili.

Vita vilipoingia Kinama na watu wa Carama wakakimbia, askari mmoja alituletea mtoto wa kiume, wa miezi mitatu hivi. Walimkuta barabarani mgongoni mwa mama yake, mama amekwisha kufa. Mama Consolée akamwita Chance, yaani bahati, kwa kuwa risasi zilimpita.

Chance alikataa biberoni, chupa ya kunyonyea. Tulimpa kwa kijiko, akatema. Tulimpa kwa kitambaa, akatema. Siku ya tatu hakuwa na sauti ya kulia tena, alikuwa anafungua kinywa tu. Sheria ya nyumba ilikuwa moja: mfanyakazi hanyonyeshi. "Mutoto akizoea ziwa lako," Mama Consolée alikuwa anatuambia, "siku ya kuondoka atakufa mara ya pili." Lakini mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mashuka yaliyoanikwa, kifua kinaniuma kwa maziwa ya Khadidja, na blauzi imelowa. Nikamchukua. Alishika ziwa kama mtu aliyeshika ukuta asianguke.

Nilifanya hivyo mchana ule, na kesho yake, na kila siku. Mama Consolée aliona mtoto ananenepa akadhani ni biberoni. "Angalia anavyokufuata na macho, Mama Khadi," akanitania. "Utafikiri we ni sahani ya ugali!" Nikacheka naye. Ndani nilikuwa nahesabu. Kwetu Waislamu, mtoto akinyonya mara tano akashiba, amekuwa wako, na watoto wako ni ndugu zake, hawawezi kuoana. Mara tano nilikuwa nimezipita zamani. Nikajiambia: huyu ni wangu. Na jambo nililojiambia mwenyewe, peke yangu, nyuma ya mashuka, nikaligeuza kuwa haki.

Miezi mitano ikapita. Siku moja Mama Consolée alikuwa ameenda wizarani, na mlinzi amekwenda kula. Nikasikia mtu anapiga hodi langoni. Alikuwa bibi mzee, miguu imejaa vumbi, mtoto mgongoni.

"Mwanangu, mi natafuta mutoto."

"Mutoto gani, bibi?"

"Bukuru. Huyu mugongoni ni Butoyi wake. Siku masasi yalipolia mama yao alibeba mukubwa, mi nikabeba mudogo. Tukapotezana. Nilikimbia mpaka Bubanza, ndiyo nimerudi Carama, nalala chini ya turubai."

Burundi pacha hawachaguliwi majina. Anayetangulia ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi. Ukisikia mtu anaitwa Butoyi, unajua mwenzake yuko mahali, juu ya ardhi au chini yake. Bibi akageuka kidogo ili nimwone mtoto. Ilikuwa sura ya Chance. Si kufanana: ilikuwa sura yenyewe, paji la uso lile, masikio yale yaliyolala. Tofauti ni kwamba huyu alikuwa amekonda.

Chance alikuwa amelala ndani, hatua ishirini kutoka pale.

Nikasema, "Apana, bibi. Hapa hakuna mutoto kama huyo."

"Hakuna?"

"Hakuna. Jaribu Buterere, kwa mapadri. Nasikia kule wanapokea watoto."

Nikampa maji. Alikunywa nusu, nusu akamnywesha mtoto, akanirudishia kikombe kwa mikono miwili. "Imana iguhezagire," akaniambia, Mungu akubariki. Akaondoka upande wa Buterere, jua likiwa utosini. Nikaingia ndani nikamweka Chance ziwani, na maziwa yakakataa kushuka.

Sikumwambia mtu. Mama Consolée alipeleka tangazo redioni kama sheria inavyotaka, mara tatu: mtoto wa kiume, ameokotwa barabara ya Carama, mwenye kumjua ajitokeze. Hakuna aliyejitokeza. Bibi anayelala kwenye nyumba ya maturubai hana redio.

Chance alipotimiza mwaka hivi pale nyumbani, Mama Consolée akaingia anaimba. "Chance amepata mama! Mubelgiji!"

Nilikuwa na ndoo mkononi. Nikaiweka chini. "Mama, mi ningemuchukua."

"Nani?"

"Chance. Nimlee mimi, pamoja na Khadi."

Akaniangalia, kisha akacheka, si kwa ubaya. "We mujane, muko watatu katika chumba kimoja. Utamuweka wapi, juu ya paa?"

"Huyo Mubelgiji ana bwana?"

"Hana. Anaishi peke yake."

"Basi naye ni kama mimi."

"Apana, Mama Khadi. Yeye ana dosie, faili kamili ya serikali."

Jina lake lilikuwa Solange. Alikuja mwezi wa sita mwaka 2002, wakati ambao wazungu wengine walikuwa wanaondoka. Alikuwa na miaka arobaini na mbili, mwalimu wa shule, na miguu mikubwa iliyovimba kwa joto. Nilijiandaa kumchukia. Lakini alikaa chini kwenye mkeka pamoja nasi, akakunja nepi, vibaya, akacheka mwenyewe. Mama Consolée alikuwa anatutafsiria. Solange alisema amengoja miaka minne. Watu wa serikali yao walikuja nyumbani kwake wakafungua makabati, wakapima chumba cha mtoto, wakamuuliza kwa nini hakuolewa, nani atamshika mtoto akiugua, kama anakunywa pombe. Dada yake mwenyewe alimwambia, "Mwanamke asiye na mume anatafuta nini kwa mtoto wa watu?" Niliposikia hilo niliinamisha kichwa, maana na mimi maneno hayo nayajua, nayasikia kisimani. Mchana ule nilimwonyesha Chance anavyopenda kubebwa, mgongoni na si kifuani. Akamfunga na kitenge changu, mtoto akamteleza, tukamdaka wote wawili.

Wiki saba alikuwa anakwenda ofisi moja hadi nyingine na karatasi zake ndani ya mfuko wa plastiki. Hapa wanakosa muhuri, pale aliyetia muhuri hana saini. Jioni anarudi anamnyanyua Chance na kusema Kiswahili alichojifunza: "Mutoto yangu. Mutoto yangu." Nami nasema moyoni, si wako, si wangu.

Kwa sababu wakati huo nilikwishajua. Nilikuwa nimekwenda kumuuliza Mwalimu Uthmani, anayefundisha watoto Kurani mtaani kwetu. Nilimuuliza kama kwa ajili ya mtu mwingine, aliyenyonyesha mtoto mwenye nyanya yake.

"Mwambie huyo mtu mwingine," Mwalimu akasema huku akiangalia pembeni ili asinitie haya, "maziwa yanaunga udugu. Hayafuti damu. Ziwa limemuongezea mtoto mama. Halikumuondolea nyanya."

"Na kama alimficha nyanya yake?"

"Basi ameiba, mwanangu. Mwizi aliyeiba kwa mapenzi naye ni mwizi."

Ikafika siku ya tribinali, mahakama ya kuamua kama Solange apewe mtoto. Walitaka mtu aliyemlea mtoto tangu alipofika, na Mama Consolée akanitaja mimi. Nilivaa kanga safi. Solange alikuwa ameketi benchi la mbele, amemshika Chance, na Chance alikuwa ananinyooshea mikono. Jaji akaniambia niinue mkono niape. Akauliza polepole, ili nielewe:

"Tangu mtoto huyu afike pale nyumbani, kuna ndugu yeyote aliyekuja kumuulizia?"

Watu wanadhani wakati kama huo mtu anapigana na nafsi yake. Mimi sikupigana. Kusema ndiyo kungembakiza mtoto Bujumbura, kungemrudisha kwa nyanya yake, na mimi ningeweza kwenda Carama kumwona. Kitu nilichokitaka chote kilikuwa ndani ya neno hilo moja. Lakini neno hilo lingeonyesha pia kwamba nilidanganya, na Mama Consolée alikuwa pale, na jaji, na watu wa Kinama wenye kesi zao. Nikaona haya.

"Hakuna," nikasema.

Karani akaandika. Ilichukua muda mfupi kuliko kufua nepi moja.

Siku ya kuondoka Solange alinikumbatia, akalia begani kwangu, akaniambia asante kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Huyo alikuwa mtu wa pili kunishukuru kwa ajili ya mtoto huyu. Chance hakulia. Alidhani anapelekwa kutembea. Gari lilipopinda barabarani nilirudi nyuma kwenye mashuka, na nilifua siku ile hata nguo zilizokuwa safi.

Mwezi wa kumi na moja walitangaza chanjo ya polio kwa watoto wote. Nilimpeleka Khadidja, tukapanga foleni nje ya kituo cha afya. Mtu akanishika mkono.

"Mwanangu! Si we ulinipa maji?"

Alikuwa yule bibi. Kando yake Butoyi alikuwa amesimama kwa miguu yake sasa, anakula muwa. Bibi akawageukia wanawake wa foleni. "Huyu ana roho nzuri. Siku ile nilikuwa nakufa kwa kiu." Kisha kwangu: "Nilienda Buterere. Nilienda mara tatu, kwa miguu. Padri akasema apana, lakini rudi, labda ataletwa. Mi bado narudi. Butoyi, amkia shangazi."

Mtoto akanipa mkono wenye utamu wa muwa.

Khadidja, aliyekuwa akicheza na Chance siku nilizomleta kazini, akamwangalia, akaruka-ruka. "Mama, Chance! Chance amerudi!"

"Chance ni nani?" bibi akauliza.

Nilimwambia pale pale. Sikutafuta maneno mazuri. Nikasema alikuwa ndani siku ile, amelala, nami nilijua. Nikasema nilikuwa namnyonyesha. Nikasema ameondoka, yuko Ubelgiji, kwa mwanamke mwema. Wanawake wa mbele na wa nyuma walisogea wakasikiliza vizuri, na mmoja akamvuta mtoto wake mbali nami.

Bibi hakunipiga. Alichanjisha mtoto kwanza. Kisha akasema, "Twende nyumbani."

Jina lake Domitila. Alikuwa anakaa Carama mwishoni, ambako nyumba zinaishia na mashamba ya mihogo yanaanza. Njia nzima alitangulia mbele, amemshika Butoyi mkono. Tulipofika akamwita jirani yake Sébastien, fundi wa baiskeli, akamwomba karatasi na kalamu. Akaniketisha juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Ulisoma?"

"Mpaka la sita, bibi."

"Basi andika. Mimi ni nyanya ya mutoto. Jina lake ni Bukuru. Mama yake hakumutupa, alikufa amemubeba."

Nikaandika.

"Andika: ana mwenzake, anaitwa Butoyi. Andika: nilifika mulangoni kumutafuta."

Nikaandika.

"Andika: mwanamke anayeandika barua hii ndiye aliyenirudisha."

Kalamu ikasimama. "Bibi, nitamwambia mwenyewe Mama Consolée kwa mdomo, na atamwandikia..."

"Mudomo wako naujua. Andika. Weka jina lako, na la bwana yako, na mutaa."

Nikaandika: Waridi, mjane wa Shaabani, wa Nyakabiga. Nilikuwa sijawahi kuliandika jina la Shaabani tangu afe, na niliona vibaya kumtia mahali kama pale.

"Unataka wamurudishe, bibi?"

"Nataka picha. Nataka amuambie mutoto iko watu hapa. Mengine sijui, uliza wewe unayejua kupeleka watoto."

Nilipomaliza alininyang'anya karatasi akampa Sébastien. "Soma kwa sauti, kila kitu. Mi siwezi kujua ameandika nini." Sébastien akafuta grisi mikononi, akasoma. Majirani walikuwa wamekusanyika. Alipofika kwenye jina langu alisita, akanitazama, na bibi akamwambia, "Endelea."

Ilikuwa sawa. Sikuwa nimebadilisha kitu. Bibi Domitila akaweka kidole gumba palipo na grisi ya Sébastien, akakibandika chini ya karatasi.

"Usiifunge," akaniambia. "Kila mutu ambaye itapita mikononi mwake aisome."

Nilitoka Carama na barua mkononi, imefunguliwa, Khadidja mgongoni. Ngagara nilimkuta Mama Consolée mezani anapanga karatasi.

"Barua ya nani hiyo?"

"Ya Bibi Domitila, mama. Ya kwenda kwa Madamu Solange. Inahitaji kutafsiriwa."

"Mbona huu ni mwandiko wako?"

"Ndiyo, mama. Isome."

Alianza kuisoma amesimama. Katikati alivuta kiti akaketi. Mimi nilibaki mlangoni, nikamfungua Khadidja mgongoni, nikangoja amalize.